Je, Ni Halali Kuvua Samaki kwa Mchezo?



Huenda mtashangaa kuona mwalimu mstaafu wa Soni akiandika habari za uvuvi wa bahari kuu. Sisi watu wa Usambara samaki twamjua akiwa amekwisha kukauka. Siku ya gulio twamkuta amepangwa juu ya gunia: dagaa kwa kikopo, ng'onda kwa kipande, na perege wa kukaanga aliyepanda na basi kutoka Mombo. Maji yetu ni ya maporomoko. Wageni huyatazama na kuyapiga picha, lakini mama wa nyumbani hawezi kuyategemea kwa kitoweo.

Lakini watoto wetu wanashuka. Wengine hushuka na lori la kabichi mpaka Dar es Salaam wasirudi. Wengine huishia Tanga au Pangani. Na wachache wamevuka mpaka pale Horohoro, wakapata kazi Shimoni na Watamu, katika boti za wageni wanaokuja Kenya kwa likizo ya kuvua samaki. Kwa njia hiyo swali limetupandia mlima, nalo lazungumzwa hata nje ya kanisa baada ya Misa. Je, ni halali mtu kumvua samaki asiyemhitaji kwa chakula, kumchosha mpaka nguvu zimwishie, kisha kumrudisha majini, na kulipa fedha nyingi kwa kufanya hivyo?

Mama mmoja mzee wa mtaa wetu, aliposikia, aliuliza kama watu hao wana akili timamu. Kwake yeye samaki akishanaswa ni mboga, na mboga haitupwi. Watu walicheka, lakini mimi nasadiki kuwa neno lake lina uzito kuliko alivyodhani mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe inavyofanyika, maana ni rahisi kuhukumu tusichokijua. Kati ya Shimoni na kisiwa cha Pemba kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, uleule unaopita mbele ya Tanga yetu. Humo hupita samaki wakubwa wa bahari kuu: jodari, nguru, na hasa nduaro, ambaye pua yake ni ndefu kama mkuki na wakubwa wake huzidi kilo 400. Hupita pia sulisuli, mwenye pezi la mgongoni lililosimama kama tanga. Msimu huanza yapata Agosti, kusi inapopungua, ukaendelea katika kaskazi mpaka Machi hivi. Mei na Juni bahari huwa kali na boti nyingi hupumzika.

Boti hutoka alfajiri na mgeni mmoja au wanne, nahodha, na wasaidizi wawili watatu. Hukodiwa kwa siku kwa mamia ya dola. Hukokota chambo nyuma yake, mara nyingi si samaki bali kitu cha plastiki kilichotiwa rangi, na kwa saa nyingi huwa hakuna jambo. Ghafla mshipi hulia. Mgeni huketi katika kiti kilichofungwa imara sitahani, akapewa fimbo ya kuvulia, na vita huanza. Samaki huruka juu ya maji, hukimbia, huzama. Mgeni huvuta, huachia, huvuta tena. Vita hivyo huweza kuchukua dakika ishirini, na kwa samaki mkubwa saa kadhaa. Hatimaye samaki huletwa ubavuni mwa boti amechoka kabisa. Msaidizi aliyevaa glovu humshika pua, hutia kitambulisho kidogo katika nyama ya mgongo, huchomoa ndoana au hukata mshipi, kisha humshikilia huku boti ikienda polepole ili maji yapite katika mashavu yake apate pumzi. Halafu humwachia. Boti ikirudi hupandisha bendera kutangaza samaki gani wamepatikana, na ipo bendera ya kusema kuwa samaki aliachiwa.

Zamani haikuwa hivyo. Wageni walianza kuvua kwa mchezo katika pwani hii kabla ya Vita Kuu ya pili. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, baada ya kuwinda wanyama Tanganyika, alivua Malindi mwaka 1934. Siku hizo na miaka mingi baadaye samaki aliuawa, akapimwa uzito, akatundikwa kwenye mti karibu na gati, na mgeni akasimama kando yake kwa picha. Kisha nyama iligawanywa au kuuzwa, na watu wa kijiji wakala. (Jambo la ajabu ni kwamba Hemingway, alipoandika kitabu chake mashuhuri juu ya nduaro, kilichotoka mwaka 1952, hakumwandika tajiri mwenye likizo. Alimwandika mzee maskini wa Kuba ambaye uvuvi ulikuwa kazi yake.) Baadaye wavuvi wa mchezo wenyewe waliona kwamba samaki hawa hawawezi kuuawa hivyo siku zote wasiishe, na desturi ya kuwaachia ikaenea. Leo kwa wenye boti wengi wa Kenya, kumwua nduaro bila sababu ni aibu. Jodari na nguru bado huliwa.

Basi twaona kwamba katika muda wa maisha ya mtu mmoja sifa imegeuka kuwa aibu. Lakini ngojeni, jambo lina upande mwingine.

Nchini Uswisi, tangu mwaka 2009, sheria haimruhusu mtu kwenda kuvua kwa nia ya kuwarudisha samaki majini. Ujerumani nako sheria ya kulinda wanyama yakataza kumtia maumivu mnyama mwenye uti wa mgongo bila sababu ya maana, na kuvua ili kuachia tu hakuhesabiwi kuwa sababu ya maana. Huko ukimvua samaki halali, mwenye kimo kinachoruhusiwa, watarajiwa kumwua upesi na kumla. Kwa maneno mengine, tendo ambalo Watamu humpatia mtu heshima, huko laweza kumpeleka mahakamani. Na Wajerumani haohao, waliopata kuiita Lushoto yetu Wilhelmstal, katika jambo hili wamekubaliana na yule mama mzee wa mtaani kwetu bila kumjua.

Nilipofundisha shule za msingi hapa milimani, wavulana walikuwa na manati, na ndege walipata shida. Sisi walimu hatukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu aliijua. Mtoto aliyemwangusha ndege akamchoma akamla, tulimwambia tu asifanye hivyo saa za masomo. Mtoto aliyemwangusha ndege akamwacha njiani, huyo aliadhibiwa. Na walikuwapo wengine waliofunga uzi mguuni mwa mbawakawa, wakamrusha azunguke akivuma juu ya vichwa vyao, kisha wakamfungua aende zake. Hao tuliwakemea pia, ingawa mdudu alikwenda akiwa hai. Kama mtu angetuuliza kwa nini, sijui kama tungejibu vizuri. Tulihisi tu kwamba mtoto anajifunza jambo baya kwa mikono yake. Sasa nauliza: tofauti kati ya mtoto yule na mgeni wa Shimoni ni nini? Je, ni ukubwa wa boti?

Wako watakaojibu kwamba samaki hasikii maumivu. Hili limebishaniwa na wataalamu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, huko Scotland, waliwadunga samaki aina ya trauti midomoni sumu ya nyuki, na wengine asidi kama ya siki. Samaki hao waliyumbayumba, waliotiwa asidi wakasugua midomo yao katika changarawe, na wakachelewa kurudia chakula kuliko wenzao. Wataalamu wengine husema hayo si maumivu kama yetu, maana ubongo wa samaki hauna ile sehemu ya juu ambayo kwa mwanadamu hufanya kazi hiyo. Mimi si mtaalamu. Lakini najua kwamba mtu asiyekuwa na hakika kama nyuma ya kichaka kuna mtoto au kuna mbuzi, hatupi jiwe. Na mgeni mwenyewe, akisimulia vita vyake jioni, hasemi alivuta gogo. Husema samaki alipigana kwa ushujaa, alikataa kushindwa. Akitaka sifa ya kumshinda mpiganaji, ni lazima akubali kuwa mpiganaji huyo aliteseka.

Neno "mchezo" nalo linanisumbua. Tukicheza mpira na watu wa Lushoto, pande zote mbili zimekubali, na ngozi ya goti ikichubuka hakuna wa kulaumiwa. Samaki hakualikwa, yeye alifuata chakula. Wazee wamesema mchezo wa paka kwa panya ni mauti, lakini hata paka, akishacheza, hula.

Hata hivyo ningekosa haki kama ningeacha hapo, kwa sababu mimi ni mla samaki. Nguru ninayemla nikienda Tanga alinaswa katika jarife usiku, akajitahidi gizani mpaka akafa, labda kwa saa nyingi kuliko yule wa mgeni. Hakuna aliyemshikilia apate pumzi. Tena kinachomaliza nduaro wa Bahari ya Hindi si hasa wageni wenye kiti na fimbo. Ni meli kubwa zenye mishipi mirefu ya maelfu ya ndoana, pamoja na nyavu za kutega za mataifa mengi. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imekwisha kuonyesha kuwa nduaro wa milia amevuliwa kupita kiasi. Katika hali hiyo, mtu anayelipa fedha nyingi ili nduaro aendelee kuwa hai baharini ni rafiki wa nduaro kwa namna fulani. Vile vitambulisho vya mgongoni, kazi ambayo African Billfish Foundation ya Watamu inaishughulikia, vimesaidia kujua samaki hawa wanasafiri wapi na kwa umbali gani, na pasipo ujuzi huo hakuna awezaye kuwatetea. Wenye boti husema hivyo, nao wasema kweli.

Ila wasisahau kwamba mapenzi ya mchezo huu hayakufanya mema siku zote. Sangara alipotiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa kuwapatia watu samaki mkubwa wa kuvua kwa mchezo. Leo maelfu wanaishi kwa sangara, lakini aina mamia za samaki wadogo wa ziwa lile zimetoweka. Hilo ni somo refu, nami nalipita.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja wa mtaa wetu, niliyemfundisha kusoma, anafanya kazi katika boti ya aina hii ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Juni, boti zikiwa zimepumzika, alikuja nyumbani. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akakaa kimya muda mrefu. Kwa mshahara wake amemwezekea mama yake nyumba kwa bati, na wadogo zake wawili wako shule. Nilidhani amekuja kuniuliza kama mshahara huo ni halali, kwa kuwa watu wamekwisha kumtania sana. Kumbe halikuwa hilo.

Aliniambia habari za sulisuli mmoja. Ndoana haikushika mdomo, ilimezwa, ikang'oa kitu ndani karibu na mashavu. Samaki alipoletwa ubavuni damu ilikuwa inamtoka. Mgeni alitaka picha, basi walimnyanyua juu ya maji, wakangoja simu itafutwe, wakapiga picha, wakamrudisha. Kijana alimshikilia pua na kumtembeza majini, kama alivyofundishwa, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipomwachia, samaki hakuogelea. Alilala ubavu, akashuka polepole, rangi yake ikififia, mpaka hakuonekana tena. Mgeni alikuwa amekwisha kugeuka anatafuta kinywaji. Waliporudi gatini walipandisha bendera ya samaki aliyeachiwa, na watu wakapiga makofi.

"Mwalimu," akaniuliza, "bendera ile ilikuwa ya kweli?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na maswali mazuri kama hilo sikuulizwa mengi. Katika mambo yote ya uvuvi huu, naona hapo ndipo penye kidonda. Nduaro wa zamani aliyetundikwa gatini alikuwa ushahidi wa wazi. Kila mtu aliona kilichotendeka, mgeni, kijiji na watoto, na nyama yake ilikuwa mbele yao. Huyu wa sasa anazama mahali penye mamia ya mita za maji, nasi twasema amekwenda zake. Wengi huenda kweli, sipingi. Lakini wale wasiokwenda hawahesabiwi na yeyote, na bendera ni moja kwa wote. Mgeni hununua siku ya furaha isiyokuwa na maiti, na bahari yamfichia maiti iliyopo.

Kwa hiyo mimi simlaumu mgeni kwa sababu anaachia, wala simsifu kwa sababu anaachia. Kuachia ni jambo la saa ya mwisho. Kosa au haki ilikwisha kuanza pale ndoana iliposhushwa, na swali ni iliposhushwa ilikuwa inatafuta nini. Biblia yatuambia katika kurasa zake za mwanzo kwamba tumepewa kuwatawala samaki wa baharini, na wako wanaolishika neno hilo kama cheti cha kufanya watakalo. Lakini nikipitia Injili naiona ndoana mara moja tu, Petro alipotumwa aende akatupe ndoana baharini, na samaki wa kwanza alitosha kwa kodi ya watu wawili. Hakuambiwa aendelee. Na asubuhi ile ufukoni baada ya Ufufuo, samaki waliishia juu ya makaa, watu wenye njaa wakala. Uvuvi wa kujipima nguvu sikuuona. Kinyume chake, iko Zaburi, ile ya 104, isemayo kuwa yule mnyama mkubwa wa baharini aliumbwa ili acheze humo. Anayecheza ni yeye.

Nikimjibu kijana, nilimwambia kwamba bendera haikuwa ya kweli, na kwamba alifanya vizuri kuliona hilo. Nilimwambia pia kwamba mshahara wake si haramu. Mtu anayemshikilia samaki mpaka apate pumzi anafanya kazi ya huruma katika shughuli ambayo hakuianzisha yeye, na kama ataondoka, mkono utakaoshika pua ile huenda ukawa mzembe zaidi. Wako watakaoniona nimelegea hapa. Wangependa nimwambie aache kazi arudi kulima karoti. Watu hao, nimeona, hawana mama wa kuezekewa nyumba.

Kama ingekuwa shauri langu, wageni wangevua ili wale. Watoke alfajiri, wapate nguru au jodari, wamwue mara moja kwa kirungu bila kumwacha atapetape sitahani, jioni wale wao na mabaharia, na kinachobaki kiende kijijini kama zamani. Wakitosheka warudi. Nduaro wamwache apite. Na akiwa ameshika ndoana kwa bahati yake mbaya, mshipi ukatwe upesi akiwa majini. Nilipoyasema hayo kijana alicheka kidogo, akaniambia mgeni hapandi ndege kutoka Ulaya kwa ajili ya nguru. Labda ni kweli. Lakini mgeni asiyeweza kufurahi kwa siku nzima ya bahari, upepo wa kaskazi, pomboo na samaki wa chakula, mpaka amshinde aliye mkubwa kuliko yeye, sijui kama ni bahari aliyoifuata.

Tulizungumza pia mambo madogo yanayowezekana. Zipo ndoana za duara, ambazo ncha yake imepinda kuelekea ndani, nazo mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Picha yaweza kupigwa samaki akiwa ndani ya maji. Mshipi mzito humleta samaki upesi, asichoshwe kwa saa nyingi ili mgeni aandikwe sifa ya kumvua kwa uzi mwembamba. Juu ya bendera alisema si yeye anayeipandisha. Bendera ni ya nahodha, na nahodha naye ana watoto.

Agosti alirudi kazini. Juzi alimpigia simu mama yake, naye akaniletea salamu. Nahodha amekubali kununua ndoana za duara. Habari ya picha, amesema, itategemea mgeni.